Nafasi Moja ya Kwenda, Mbili za Kurudi

Mwenye mtumbwi alikataa kuchagua, na ndiyo maana tukacheza karata.

Ilikuwa miaka ya vita, baada ya majeshi mawili ya kigeni kupigana ndani ya Kisangani kana kwamba mji ni uwanja wao na sisi hatumo. Mapigano yalipokwisha, mto ulifungwa. Waliobaki na bunduki walisema anayevuka anapeleka habari kwa adui, basi hakuna kuvuka. Ng'ambo ya kushoto, Lubunga, tuliiona kila siku: mabati, moshi wa jikoni, hata watu wakishuka majini kuoga. Kuiona hakukutusaidia kitu.

Mwenye mtumbwi, mvuvi wa Wagenia, watu wanaotega samaki kwenye maporomoko, alikuwa na ruhusa ya kwenda kwenye mitego yake. Alikubali kuvusha mtu mmoja kabla jua halijatoka, akiwa amelala chini ya vikapu vya kutegea samaki. Mmoja tu, kwa sababu vikapu vilijaza mtumbwi. Alfajiri ya siku inayofuata, vikapu vikiwa vimeachwa kwenye maporomoko, kungekuwa na nafasi ya watu wawili kurudi: yule aliyekwenda na yule aliyemfuata. Nafasi moja ya kwenda, mbili za kurudi. Hatukuwahi kumsikia akitaja malipo. Alitaka tu tusimlazimishe kuamua.

“Miye hapana chagua mutu,” alisema. “Kwetu kila ukoo iko na mahali yake ya kutega, hakuna mutu anapangia mwenzake. Mukichagua ninyi, nabeba. Nikichagua miye, kesho mutu akifia kule, bon, watasema ni miye.”

Tulikuwa wanne mtaani tuliokuwa na mtu ng'ambo. Nesi wa zahanati alikuwa na mdogo wake. Tonton, yaani mjomba, kama tulivyomwita mfanyabiashara kutoka Kivu Kaskazini aliyepanga chumba kando yetu na kukwama mjini pamoja na magunia matupu ya chumvi, alikuwa na binti yake wa miaka kumi na miwili katika shule ya masista. Papa fundi, mshona nguo wa nyumba ya pili, mtu wa zile familia za Waislamu waliokuwa hapa tangu wakati wa misafara, alikuwa na mkewe, aliyekwenda kumzika shangazi yake wiki ile ile mto ulipofungwa. Mimi nilikuwa na papa, baba yangu.

Papa alikuwa mtu wa reli. Maisha yake yote alipanda treni ya Lubunga kwenda Ubundu na kurudi, na hata baada ya treni kusimama na yeye kustaafu, aliendelea kulala katika nyumba ya reli kando ya stesheni, siku tano kwa wiki, akisema asipokuwepo watang'oa milango. Mapigano yalimkuta huko. Tulisikia, kupitia foni, ile radio ya kuitana ya parokia, kwamba upande wake wa kulia umekufa, kwamba hasogezi mguu, na kwamba jirani mmoja anampelekea uji. Basi, hizo ndizo habari tulizokuwa nazo. Mama alizirudia kila asubuhi kana kwamba siku moja zingeongezeka.

Tulijaribu kwanza vijiti, kirefu na kifupi. Tonton na papa fundi wakagombana nani ashike, kwa sababu anayeshika anajua. Nesi akasema basi tucheze poka, kila mmoja anachanganya, kila mmoja anakata, macho yote yanaona. Nilidhani papa fundi angekataa kwa ajili ya dini. Alisema kamari ni kutafuta mali ya mwenzako, na hapa hakuna mali, hapa kuna zamu. Akatandika kitambaa juu ya meza ya cherehani, barazani kwake. Cherehani yenyewe ilikuwa haijaguswa siku nyingi. Hapakuwa na nguo ya kushona.

Tonton ndiye aliyeweka masharti. Kila mtu apate kikombe kimoja cha maharagwe, na kila mkono, yaani kila mgao wa karata, uanze na punje moja ya kila mmoja katikati. Kabla ya kubadili karata usizozitaka kati ya tano zako, unaweka punje moja na unaongeza punje moja, si zaidi. Baada ya kubadili, mbili mbili. Nyongeza tatu tu, kisha mwisho. Hakuna kusukuma kikombe kizima katikati ya meza.

“Sitaki mutu afilisike kwa mkono mumoja,” alisema, “halafu anione miye kama muuaji. Tupoteze pole pole, kama watu.”

Na sharti la mwisho, ambalo sote tulilikubali bila kuangaliana: mezani hakuna kutaja mtu wako. Kila mmoja alikuwa na wake. Kama tungeanza kupima, binti wa miaka kumi na miwili na mzee aliyepooza na mwanamke aliyeachwa kwenye matanga, tungechinjana.

Tulicheza kuanzia baada ya chakula cha mchana, kama kulikuwa na chakula, hadi jua lilipoanza kushuka na saa ya kutotoka nje kukaribia. Mwenye maharagwe mengi alipewa nafasi. Siku ya kwanza nesi alishinda, akavuka, akarudi na mdogo wake akiwa mzima. Hakuketi mezani tena, na tuliona vibaya kidogo kumsalimia.

Tukabaki watatu.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, hisabati, na tangu hapo kazi yangu ilikuwa kusubiri kazi. Mtaani waliniita lisansie, mwenye digrii, wakilivuta neno ili liume. Mtu asiye na kazi ana muda wa kufikiri, na mimi nilifikiri kuhusu kila kitu mpaka kikaoza. Nilifikiri kuhusu namna ya kugonga mlango. Nilifikiri kama mtu aliyenisalimia asubuhi alinisalimia au alimsalimia aliyekuwa nyuma yangu. Usiwape watu kama mimi karata.

Ila nilijua kucheza. Papa alinifundisha nikiwa mdogo, kwa karata zile zile tulizotumia barazani, zilizokuwa laini kama vitambaa vya kufutia lenzi. Watu wa reli walicheza ndani ya behewa la mwisho, njia nzima mpaka Ubundu, na mchezo wao ulikuwa kama huu wa tonton, wa nyongeza ndogo zilizopangwa, kwa sababu mshahara ulikuwa mmoja na wake zao walikuwa wakali. Huko ndiko papa alikotoa neno lake, kulaza. Kulaza ni kupata karata nzuri na kujifanya huna: mwenzako akiweka punje, unafuata tu, huongezi, unaacha karata zako zilale mpaka wote waingie ndani, ndipo unaziamsha.

Papa hakupenda kulaza. Alisema vijana hupenda kwa sababu kunawafanya wajione werevu. Katika mchezo ambao unaweza kuongeza chochote, sawa, kwa sababu ukiongeza kwa nguvu unawafukuza watu wote. Lakini nyongeza ikiwa punje moja, nani atakimbia punje moja? Wengi watafuata tu. Basi kwa nini usiwatoze? Ulaze, alisema, ikiwa tu hakuna karata inayoweza kumjia mwenzako ikakuumiza. Nilimwitikia. Nilikuwa na miaka kumi, nilimwitikia kwa kila kitu.

Baadaye chuoni, katika homu, bweni letu la wanafunzi, nilisahau. Kule tulicheza na karata zote hamsini na mbili, na wote tulikuwa watu wa kufikiri, wa kutupa karata kwa kuogopa kivuli. Kulaza kulifanya kazi. Nililaza fulu, yaani tatu za namna moja na mbili za namna nyingine, na nikavuna. Kule fulu ilikuwa karibu na mbinguni.

Kwa karata za papa haikuwa hivyo. Watu wa reli walicheza na thelathini na mbili, kuanzia saba hadi asi, na karata zikiwa chache hivyo, ni vigumu zaidi kupata tano za alama moja. Kwa hiyo rangi, ndizo hizo tano, inaishinda fulu. Hilo nililijua, sikulisahau. Ukiniamsha usingizini ukaniuliza, ningekujibu. Lakini kuna kujua kwa kichwa na kuna kujua kwa mkono, na mkono wangu ulikuwa umesomea homu.

Alasiri ya pili ilikwenda vizuri na vibaya. Papa fundi alifuata kila kitu. Hakuwahi kutupa karata. Kama alikuwa na saba mbili alifuata, kama hakuwa na kitu alifuata. “Nataka kuona,” alisema kila mara, na kuweka punje yake taratibu kama mtu anayetoa sadaka. Tonton alikuwa kinyume chake. Alifuata punje moja kwa uvivu, lakini mtu akiongeza kabla ya kubadili na yeye hana kitu kamili mkononi, alitupa papo hapo. Sikumwona hata mara moja akilipa nyongeza kwa ajili ya matumaini. Alisema matumaini yake yote aliyaacha njiani na chumvi.

Jua lilifika kwenye paa la nyumba ya jirani. Umeme ulikuwa haujarudi tangu waya za kutoka mitambo ya mto Tshopo zikatwe, na barazani kulianza kuwa na ule mwanga wa kahawia ambao kopa na uru hufanana. Papa fundi akasema huu uwe mkono wa mwisho. Tukahesabu. Tonton alikuwa mbele yangu kwa punje sita. Papa fundi alikuwa nyuma yetu sote, na hakuonekana kujali, au alijali kwa namna ambayo haionekani.

Tonton akagawa.

Nikafungua karata zangu moja moja. Mfalme. Tisa. Mfalme. Mfalme. Tisa. Fulu, tayari mkononi, bila kubadili chochote.

Nilimwona papa akiwa ameketi mtumbwini. Sikumwona mtu mwingine.

Papa fundi, aliyekuwa wa kwanza, akaweka punje moja. Zamu yangu. Na hapo ndipo nilipoanza kufikiri.

Nikiongeza, tonton atatupa. Namjua. Atapoteza ile punje ya kuanzia tu, na mimi niko nyuma kwa sita. Nahitaji maharagwe yake, si ya fundi. Nikifuata kimya, ataingia kwa punje moja, atabadili, labda atapata tatu za namna moja, labda mbili mbili, atajiona ana nguvu, ndipo nitakapomwongezea mbili, na mbili, na mbili. Hivyo nampita. Ni wazi. Lakini je, akija na rangi? Kupata rangi kwa kubadili karata moja, katika thelathini na mbili, ni karibu mara moja kwa saba. Mara moja kwa saba si kitu. Na kwanza awe na nne za alama moja tayari, jambo ambalo lenyewe ni nadra.

Nilifikiri hayo yote huku nikijitahidi uso wangu usionyeshe kwamba nafikiri, na hilo nalo nilikuwa nalifikiria.

“Lisansie anapika,” alisema tonton. “Tutakula leo ao kesho?”

Nikaweka punje moja. Nikalaza.

Tonton akaangalia karata zake, akaangalia jua, akaweka punje yake.

Papa fundi akabadili tatu. Ikafika kwangu, na nikagundua kitu ambacho, kwa kufikiri kwangu kote, sikukifikiria: nikisema sibadili, kila mtu atajua niko na nini. Kwa dakika nzima niliwaza kutupa tisa moja na kuomba karata, nivunje fulu yangu mwenyewe ili nisionekane ninayo. Sikufanya hivyo. Nikasema, kwa sauti ndogo, kwamba sibadili.

Papa fundi akacheka. “Kumbe huyu amelala na viatu.”

Tonton hakucheka. Akabadili moja. Akaiinua kwa ukucha, kona tu, akairudisha.

Papa fundi akapita, bila kuweka kitu wala kutupa. Nikaweka mbili. Tonton akaongeza mbili, papa fundi akafuata. Hapo mtu mwenye akili angesimama. Mtu ameniona nikikataa kubadili na bado ananiongezea, ana nini? Lakini nilikuwa nimekwisha kujiambia hadithi ya tatu za namna moja, na ni vigumu kuiacha hadithi uliyoitunga mwenyewe. Nikaongeza. Akaongeza tena, ya tatu, ya mwisho. Papa fundi, kwa mara ya kwanza tangu tuanze, alitupa karata zake mezani. Alisema hana haja ya kuona, ameona. Nikafuata.

Tonton akazipanga juu ya kitambaa. Zote kopa.

Sikumbuki tulisema nini. Nakumbuka papa fundi akikusanya maharagwe kwenye vikombe kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu yalikuwa ya mkewe, ya kupanda. Tonton aliniangalia kidogo, akafungua kinywa, akakumbuka sharti la mezani, akakifunga.

Nyumbani mama alikuwa amekunja shati la papa, lile la mikono mirefu, na kulitia ndani ya mfuko pamoja na kipande cha sabuni. Alikuwa ameufunga mfuko tayari. Aliniangalia mlangoni na akaanza kuufungua.

“Ulikuwa na karata mubaya?” aliniuliza.

“Hapana, mama. Nilikuwa na nzuri.”

Alilitundika shati mahali pake. Nilikaa kitandani nikihesabu, na ilikuwa usiku mrefu, kwa sababu hesabu ilikuwa fupi. Ningeongeza punje moja, tonton angetupa na kupoteza ile ya kuanzia. Papa fundi angefuata, kama kawaida yake. Angelipa ya kuanzia, mbili kabla ya kubadili, mbili baada ya kubadili. Tano zake, moja ya tonton. Sita kwangu, moja imetoka kwake. Ningeshinda kwa punje moja. Sikuhitaji maharagwe ya tonton hata kidogo. Mezani kulikuwa na mtu mmoja anayelipa kila mara, na mimi niliacha kumtoza yeye ili nimfungulie mlango yule anayekimbia.

Nilirudia hesabu hiyo mpaka nikaichukia, halafu nikairudia.

Tonton alivuka alfajiri, na alfajiri ya pili yake alirudi na binti yake, mrefu kuliko nilivyomkumbuka, viatu mkononi. Asubuhi hiyo hiyo alikuja kwetu. Hakuingia, alikaa kwenye kizingiti. Alisema njia ya kwenda kwa masista ilipita stesheni, basi aliingia kumsalimia mzee. Amelala kwenye mkeka, alisema, mdomo umepinda kidogo, lakini maneno yanatoka. Uji anapata. Nyumba inanuka, asitufiche. Alimwambia mama hayo yote akiangalia sakafu. Kisha akanigeukia.

“Aliniuliza kwa nini nimekuja miye, si wewe. Nikamueleza. Nilifikiri atakasirika. Donc, unajua alisema nini? ‘Alikuwa na nini mukononi?’ Nikasema fulu ya wafalme. Akasema, ‘Na akanyamaza?’ Nikasema ndiyo, papa, alinyamaza. Alicheka mpaka akakohoa. Akauliza, ‘Mezani kulikuwa na mutu wa kulipa?’ Nikasema kuna fundi, yeye analipa siku zote. Akasema, ‘Mwambie mumoja anatosha.’”

Mama alitoka kwenda uani. Tonton alikaa kidogo zaidi, kisha akasema, akiwa amesimama tayari, kwamba kwa mkono ule na yeye angelaza. Sikumwamini, lakini nilimshukuru.

Alasiri ile tulikuwa wawili, papa fundi na mimi. Niliongeza kwa kila kitu. Nikipata mbili za namna moja niliongeza, nikipata tatu niliongeza mpaka mwisho wa nyongeza, na fundi akafuata, akafuata, “nataka kuona,” punje baada ya punje. Sikufikiri. Au nilifikiri jambo moja tu, mmoja anatosha, na nikalitumia kama nyundo. Kabla jua halijafika kwenye paa kikombe chake kilikuwa kitupu. Nilimwonea huruma na sikupunguza. Tulipomaliza, alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema nimsalimie papa, nimwambie mwanawe amecheza kama mtu wa reli.

Mama akalikunja tena shati.

Nilikuwa ufukweni kabla ya wakati. Papa fundi alikuja pia, ingawa hakuwa na sababu. Tulisimama nyuma ya mabaki ya ghala tukiangalia ukungu. Maporomoko ya Wagenia yalisikika upande wa juu wa mto, ule mvumo ambao mtu wa Kisangani hausikii mpaka awe anangoja kitu. Mwanga ukaja. Mvuvi hakuja. Mwanga ukakamilika, wanawake wakaanza kuteka maji, na mmoja wao akatuambia kwamba jana jioni wanajeshi walikusanya mitumbwi yote, pamoja na ya Wagenia, wakaifunga kwa mnyororo kwenye gati kubwa. Hakuna mitego, hakuna samaki, hakuna kitu.

Mfuko wa papa ulikuwa begani kwangu. Papa fundi aliuchukua akaubeba yeye mpaka nyumbani, kana kwamba nilikuwa mgonjwa.

Yaliyofuata yalikuwa majuma. Kila siku kulikuwa na uvumi kwamba mto utafunguliwa kesho. Nilikwenda gatini kuangalia mnyororo. Nilijifunza kutambua mtumbwi wa yule mvuvi kwa kiraka cha bati. Nilifikiria kuogelea, mimi ambaye sijawahi kuvuka hata mto Tshopo bila daraja. Nilifikiria kuandika ombi kwa kamanda, na nikatunga sentensi zake zote, na sikuziandika. Tonton alikwenda parokiani mara kwa mara kusikiliza foni kwa niaba yetu. Halafu alasiri moja alirudi akitembea polepole kuliko kawaida, kofia mkononi, na mama, aliyekuwa akipepeta mchele uani, aliweka ungo chini kabla hajasema neno.

Papa alizikwa na watu wa reli, kando ya njia. Hivyo ndivyo foni ilivyosema.

Mnyororo ulifunguliwa baadaye, bila tangazo, kama ulivyofungwa. Yule mvuvi alikuja mtaani jioni kutuambia kwamba bado kuna vizuizi, bado ni kwa vikapu, bado ni mtu mmoja. Nilikwenda moja kwa moja kwa papa fundi nikamwambia aende. Mtu wake yuko hai. Wangu anaweza kungoja sasa.

Alikuwa amekaa nyuma ya cherehani yake, akipaka mafuta gurudumu lisilozunguka.

“Nafasi ni yako,” alisema. “Ulishinda.”

Nilimwambia mchezo ule ulikuwa wa siku ile, na siku ile mtumbwi haukuja. Nilimwekea hoja moja, nyingine, ya tatu. Nilikuwa mzuri kwa hoja. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Kijana, mimi nililipa ile nafasi punje kwa punje. Ukiiacha, nitakuwa nililipa nini?” Kisha akaendelea na mafuta yake, na akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba kitu kidogo, “Kurudi ni watu wawili. Wewe huna wa kurudi naye.”

Ndipo nilipoelewa, baada ya yeye kunielewesha. Mimi niliyesoma hisabati.

Nikavuka chini ya vikapu vinavyonuka matope na samaki wa zamani. Lubunga, watu wa reli walinionyesha mahali: udongo uliopangwa vizuri, kipande cha taruma la reli kimesimamishwa kichwani. Nilikaa pale hadi jua lilipokuwa kali. Nilikuwa na mfuko wenye shati na kipande cha sabuni, na sikujua cha kufanya navyo; nikampa yule jirani wa uji. Alisema papa alimsimulia habari ya fulu, kila mtu aliyeingia alimsimulia.

Mke wa fundi nilimpata kwenye nyumba ya matanga, ambako matanga yalikuwa yamekwisha zamani na wenyeji walikuwa wamechoka. Alikuwa mwanamke mwembamba, mtulivu, mwenye furushi alilolifunga tayari, na kwa nilivyoona lilikuwa limefungwa kwa siku nyingi. Alfajiri nilimbebea mpaka majini. Mtumbwini alikaa mbele yangu, mtandio umemfunika mabega, na alingoja mpaka tulipokuwa katikati ya mto, ambapo mvuvi alilazimika kupiga kasia kwa nguvu na hakuweza kutusikia.

“Kwa nini hakuja mwenyewe?” aliuliza.

Nikamwambia nafasi ilikuwa yangu.

“Nani alikupa?”

“Tulicheza karata, mama. Yeye na mimi.”

Alilivuta furushi lake karibu na miguu.

“Huyo hushindwa daima,” alisema. “Hajui kutupa. Alifuata mpaka mwisho?”

“Mpaka mwisho.”

Alivuta mtandio hadi mdomoni, akageuka kuangalia ng'ambo yetu, ambako mtu mmoja alikuwa amesimama nyuma ya mabaki ya ghala, wazi kabisa, akiwa anafikiri amejificha.